Uzi Unaolisha, Uzi Unaofunga

Tukisikia sanamu, wengi wetu tunawaza jiwe, shaba au mpingo. Kumbe hata kitambaa hutoa sanamu, ila chombo chake ni sindano.

Mfano mzuri ni Louise Bourgeois, aliyezaliwa Paris mwaka 1911 na kufariki New York mwaka 2010. Mama yake, Joséphine, alikuwa fundi wa kukarabati mazulia ya ukutani yaliyofumwa. Louise mwenyewe alilea watoto watatu wa kiume. Uzeeni akachukua nguo zake za zamani na mashuka ya nyumbani, akakata, akashona sanamu.

Hebu tuzisome mbili. Ya kwanza ni Do Not Abandon Me (1999), yaani "Usinitelekeze": mama na kichanga wa kitambaa, wameunganishwa kwa uzi wa kitovu. Nani anamwambia mwenzake asimwache? Jina halisemi, na hapo ndipo penye utamu. Ya pili ni The Good Mother (2003), "Mama Mwema": mwanamke kapiga magoti, nyuzi zinamtoka matitini kwenda kwenye vijiti vya kuzungushia uzi. Ni maziwa, lakini pia ni kamba. Vijiti vikizungushwa, mama anafumuka.

Kwa nini kitambaa, siyo jiwe? Kwa sababu kitambaa huchakaa, hufumuka, hutiwa kiraka. Sisi tuliobebwa kwa mbeleko tunaielewa lugha hiyo. Basi kabla hatujamsifia mama kwa uvumilivu wake, tujiulize: ncha ya pili ya uzi kaishika nani?