Ushahidi wa Jirani kwa Jirani

Somo: Yohana 4:27–42; Matendo ya Mitume 8:1–8

Tukiisoma sura ya nane ya Matendo ya Mitume twaona jambo ambalo wengi hulipita upesi. Udhia ulipotokea Yerusalemu, mitume walibaki mjini. Waliotawanyika ni waumini wa kawaida, na hao ndio waliolichukua Neno mpaka Uyahudi na Samaria. Luka amtaja Filipo. Wengine hakuwaandika majina. Walikuwa wakimbizi, wakawaeleza waliowapokea habari walizozijua.

Sisi wa Bukoba na Muleba haitupasi kulistaajabia neno hili. Mapadri wa Kikatoliki walikuwa wamekaa Kashozi tangu mwaka 1892. Na Ernst Johanssen wa misioni ya Betheli alipofika Buhaya mwaka 1910, aliwakuta Wahaya waliokwisha kujifunza kusoma huko Buganda. Walikuwa wamerudi na vitabu vya Kiganda, wakawasomea ndugu na rafiki zao. Hawakuwa na mshahara wala kengele. Tena Vita Kuu ya kwanza ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, kundi dogo halikutawanyika. Wenyeji walilichunga, miongoni mwao Andrea Kajerero, ambaye baadaye alikuwa mchungaji. Kwa hiyo, mtu akisema kwamba kushuhudia ni kazi ya mchungaji na mwinjilisti, hajui jinsi Injili ilivyoingia katika nyumba ya babu yake.

Siku hizi tunayo makanisa, shule, hospitali ya Ndolage, na kwaya nyingi. (Kwaya twazipenda, lakini jirani asiyekuja kanisani huisikia kwa kipaza sauti tu, na huenda alikuwa amelala.) Jirani huyo hatusikii sana siku ya Bwana. Hututazama siku sita nyingine, katika kibanja, sokoni na msibani.

Na tuanze na kahawa, kwa maana hapo wengi hujikwaa. Kila mtu wa Kagera aijua butura, yaani kuiuza kahawa ingali mtini. Mtoto ameugua, au ada ya shule yadaiwa, na mavuno yako mbali. Mwenye shida humwendea mwenye fedha, naye humpa kidogo kwa mapatano ya kuichukua kahawa yote wakati wa kuvuna. Bei hiyo ni ya chini mno, na mwenye shida hana nguvu ya kubishana. Serikali imelikataza jambo hili, hata hivyo halijaisha. Sasa tuseme mwenye fedha ni Mkristo, mzee wa kanisa pengine. Jumapili asimama kusimulia jinsi Bwana alivyomtendea mema mwaka huu, na aliyempa kahawa yake ameketi nyuma anasikia. Ushuhuda wa namna hii wamfanya yule maskini amwogope Mungu kama anavyomwogopa mdai wake. Afadhali ndugu huyu angenyamaza Jumapili, akaenda Jumatatu kumrudishia mwenziwe haki yake. Zakayo alifanya vivyo hivyo, na mji mzima ulijua.

Lakini ushuhuda mwema pia tumeuona kwa macho. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walijulikana hapa Kagera. Miaka iliyofuata ilikuwa ya makaburi. Watu waliogopa hata kuketi karibu na mgonjwa, na wengine walinong'ona kwamba amelogwa, au kwamba Mungu amemlipa. Wakati ule walikuwako akina mama waliochota maji, wakaingia, wakamwosha mgonjwa, wakafua nguo zake, ndipo wakaomba pamoja naye. Baadaye dayosisi yetu ya Kaskazini Magharibi iliwaangalia yatima kwa huduma ya HUYAWA; ila kabla ya huduma kupata jina, mtoto wa marehemu alikuwa amekwisha kupewa ndizi na bibi wa kibanja cha pili.

Je, matendo yatosha peke yake? La. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza 3:15, ataka tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye sababu ya tumaini letu, tena kwa upole. Angalieni kwamba kuna aulizaye. Mtu akikuuliza, Mama, kwa nini ulikuja wakati ndugu zangu walipokimbia? usimjibu kwamba ni desturi tu. Mwambie kwa maneno machache yale uliyopata kwa Kristo. Usimhubirie saa nzima, wala usianze kumhukumu kwa ajili ya dini yake. Jirani zetu wengi ni Wakatoliki, wengine ni Waislamu, nao wanajua kutofautisha rafiki na mtu anayehesabu waongofu.

Neno moja zaidi, juu ya kuungama hadharani. Uamsho uliotoka Gahini katika Rwanda ulipofika kwetu, mwishoni mwa miaka ya 1930, uliwafundisha wengi kusema dhambi zao waziwazi na kulipa walichoiba. Hayo yalikuwa mema. Lakini mtu aungame yaliyo yake. Anayesimama kuyafunua ya mkewe au ya jirani ameacha kushuhudia, sasa anashitaki.

Turudi kwa yule mwanamke Msamaria. Hakuwa na sifa njema mjini, wala hakujidai kuwa mwalimu. Aliuacha mtungi wake, akawaita watu waje wajionee wenyewe, tena kwa kuuliza, kama mtu ambaye bado anastaajabu. Wakaja. Baada ya siku mbili wakamwambia kwamba sasa wanaamini kwa kuwa wamesikia wenyewe, si kwa ajili ya maneno yake tena. Yohana haandiki kwamba alichukizwa.