Keki Kubwa kwa Tanuri Dogo

Hapa kwetu Buwenge wageni wa arusi ni wengi, na tanuri letu la makaa ni dogo. Kwa hiyo mimi huoka keki 4, kila moja sentimita 30 kwa 20.

Kwanza, ziache zipoe kabisa. Keki yenye moto huyeyusha siagi.

Pili, kata migongo iliyovimba, zipange juu ya ubao imara, uziunganishe kwa jamu.

Tatu, twanga sukari ya Kakira, ichekeche, uipige pamoja na siagi. Paka nyembamba ishike makombo. Ikikauka, paka nene.

Sasa keki ni sentimita 60 kwa 40. Vipande vya sentimita 5 kila upande vitakuwa 96. Basi hesabuni wageni kabla ya kuoka: mmoja akikosa, aibu ni ya wenye arusi.