SOMO: TUWALINDE NJIWA WETU NA PANYA

Wengi wetu tunafuga njiwa. Wengine tunao wawili tu, wa watoto. Wengine tunao ishirini au zaidi, na mtoto akihitaji daftari tunauza jozi moja sokoni. Njiwa hana gharama kubwa. Mchana anajitafutia, jioni anarudi mwenyewe kibandani.

Taabu iko usiku. Gizani njiwa haoni vizuri. Akishtuka anaruka ovyo na kujigonga, au anatulia tu palepale. Panya naye, usiku ndiyo kazi yake. Asubuhi tunakuta yai halipo, kinda limeliwa, au njiwa mzima amesimama kwa mguu mmoja na ule mwingine unatoka damu.

Hapo husemwa, "Ni kicheche huyo!" Pengine ni kweli, lakini tuangalie kwanza. Panya huacha mavi meusi madogo, na alama za meno kwenye mbao. Njia anayopita kila siku ukutani hubaki na weusi, kwa sababu ya mafuta ya manyoya yake. Tena mara nyingi huuma vidole na miguu, maana anamvizia njiwa kutoka chini, penye nafasi za sakafu.

Kwa nini anakuja? Mwanzoni hakumfuata njiwa. Alifuata mtama na pumba tulizomwaga. Akishazoea mahali anaonja yai, na baada ya yai anajaribu kinda. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ufagio. Tuwape njiwa chakula cha kuwatosha, na kabla ya jua kuzama tufagie kilichobaki, ndani ya kibanda na chini yake. Nafaka yao ikae kwenye debe lenye mfuniko. Gunia halifai. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, na lazima ayapunguze kwa kutafuna. Gunia kwake ni mchezo, na mbao na plastiki anatoboa pia.

Sasa kibanda chenyewe. Kisimame juu ya nguzo, mbali na ukuta na matawi ya mti kwa mita moja au zaidi. Kamba ya kuanikia nguo isifungwe hapo, maana panya wa darini ni hodari wa kutembea juu ya kamba. Kila nguzo tuizungushie bati laini, kuanzia kimo cha mita moja kwenda juu. Kucha zake zitateleza. Bati la debe kuukuu lililofunguliwa linatosha nguzo mbili nyembamba. Wenye maghala ya mahindi wanaijua kazi hii, nao wanaweza kutengeneza kofia za bati kama zile za ghala. Lakini bati halina faida ikiwa ngazi imeachwa imeegemea kibanda usiku kucha! Ngazi iondolewe jioni.

Waya wa kuku tuliouzoea una matundu makubwa mno. Pima kwa kidole chako cha mwisho. Kikipita, na panya mchanga atapita. Kipanya kidogo cha nyumbani hupita hata kwenye tundu la kuingiza kalamu ya risasi. Huyo si hodari wa kuuma, ila anakojoa kwenye chakula na maji ya njiwa, na huko magonjwa huanzia. Kama hela ya kununua waya wenye matundu madogo haipo, tuanze na sakafu na pale wanapolala, tuzibe kwa vipande vya bati.

Sumu ya panya hatuishauri karibu na kibanda. Sumu nyingi huchanganywa na nafaka, na njiwa anakula nafaka. Paka naye akila panya mwenye sumu anaweza kufa. Mtego ni bora, ukiwekwa nje, ndani ya kisanduku, mahali njiwa na watoto hawafiki. Na bundi, jamani, tumwache! Wengine wanampiga mawe wakisema analeta mkosi. Panya ndio chakula chake.

Tuseme sasa njiwa ameshaumwa. Tumshike kwa kitambaa, taratibu, bila kumbana kifua. Ndege hupumua kwa kutanua kifua, na akibanwa sana anakufa mikononi mwetu. Damu izuiwe upesi, maana damu yote ya njiwa haifiki vijiko kumi vya chai. Tukandamize kidonda kwa kitambaa safi kwa dakika tano, bila kufunua funua. Kama ni ukucha uliokatika, tuutie unga kidogo wa ngano na kuendelea kukandamiza.

Damu ikikoma, tuoshe kidonda kwa maji ya chumvi. Chemsha nusu lita ya maji, tia chumvi kijiko kimoja cha chai, kijiko sawasawa si cha mlima, na uyaache yapoe. Mafuta ya taa, spiriti na oili chafu ya gari tusivitumie kabisa. Vinachoma nyama na kuharibu manyoya, na ndege mwenye manyoya yaliyolowa mafuta hushikwa na baridi.

Baridi ndiyo inayowamaliza wengi. Tumweke peke yake kwenye boksi lenye kitambaa, mahali penye giza na kimya. Kando yake tuweke chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa nguo. Tusimrudishe kwa wenzake wakati damu inaonekana, watamdonoa. Boksi lifunikwe kwa chandarua nzi wasiingie, maana nzi akitaga kwenye kidonda patakuwa na funza. Tena tusimmiminie maji mdomoni. Tundu lake la pumzi liko nyuma tu ya ulimi, na maji yataingia mapafuni. Tumwekee kisahani, akipata nguvu atakunywa mwenyewe.

Bawa likining'inia, tulifunge mwilini kwa kitambaa bila kukaza, miguu ikiwa huru, kisha tumpeleke kwa bwana mifugo. Kidonda kirefu, uvimbe au harufu mbaya, twende kwake pia. Vidonge vyetu wenyewe vilivyobaki nyumbani tusimpe. Aliyeumwa na paka asingoje, hata kama kidonda ni kama tundu la sindano. Mate ya paka yana vijidudu vinavyoweza kumwua ndege kwa siku mbili. Na kama matumbo yametoka nje, sisi tunaona ni afadhali achinjwe, asiteseke, kisha azikwe.

Tusijisahau na sisi. Tunawe mikono kwa sabuni. Mtu akiumwa na panya, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, aende zahanati. Huko Lushoto, mkoani Tanga, tauni ilizuka mwaka 1980 na ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka 20. Viroboto humhama panya aliyekufa na kumuuma mtu. Tukiona panya wanakufa ovyo bila sumu wala mtego, tusiwaguse. Tuwazuie watoto, na taarifa ifike zahanati siku hiyohiyo.

ZOEZI. Kibanda cha Mzee Juma kina nguzo nyembamba 6. Atahitaji madebe mangapi? Mkewe amechemsha lita 2 za maji. Atie vijiko vingapi vya chumvi?