*DARSA YA RAMADHANI, SIKU YA 16: Usimtembelee tu, tembea naye*



Leo tuongee habari ya mgonjwa wa saratani. Mitaa mingi anayo mmoja, na huenda yupo nyumbani kwako.

Mwaka juzi jirani yetu, mama wa makamo, alikuwa anatibiwa saratani ya titi. Wiki ya kwanza nyumba ilijaa watu, machungwa na dua. Wiki ya tatu, kimya. Ramadhani ilipoingia akawa anakula chumbani, mlango umefungwa, anaona haya wajukuu wasimwone. Siku niliyokwenda akaniambia, "Mwanangu, ugonjwa nimeuzoea. Upweke ndio umenishinda." Na mimi nakaa nyumba ya tatu kutoka kwake! Sikuwa na la kujitetea.

*Kwanza: ruhusa imetoka kwa Mola.* Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, mgonjwa amepewa ruhusa ya kula. Anayetarajiwa kupona atalipa siku zake baadaye; asiyetarajiwa kupona, atalisha masikini kwa kila siku. Basi usimuulize "mbona hufungi?" Mwekee chakula chake bila kumfanya ajione mkosaji. Na kama harufu ya sambusa zinazokaangwa inamtia kichefuchefu, mhamishie mahali penye hewa.

*Pili: kumzuru mgonjwa ni haki yake.* Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa Siku ya Kiyama mja ataulizwa kwa nini hakumtembelea mja mwenzake aliyekuwa mgonjwa, na kwamba lau angekwenda angemkuta Allah kwake. Tafakari hapo kidogo. Sisi huwa tunasema "ukihitaji kitu niambie," halafu tunaondoka. Mgonjwa gani atakupigia kuomba? Sema jambo moja lenye siku yake: "Jumatano nakupeleka kliniki." Wanaotibiwa kwa mionzi mara nyingi huenda siku 5 kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Wengine wanatoka mikoani mpaka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, mji wasio na ndugu. Nauli, chumba cha kulala, mtu wa kukaa naye kwenye foleni: hiyo nayo ni sadaka.

*Tatu: mwili wake unahitaji kutembea.* Tumezoea kumwambia mgonjwa "wewe lala tu, pumzika." Tunasema kwa huruma, lakini kulala kutwa kunalegeza misuli na kuzidisha uchovu. Wataalamu wanashauri, kwa anayeweza, mazoezi ya wastani kama dakika 30, mara 3 kwa wiki. Yanapunguza uchovu, wasiwasi na huzuni.

Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti wa watu 889, wengi wao wa Kanada na Australia, waliokwisha kutibiwa saratani ya utumbo mpana. Nusu walipewa vijitabu vya afya. Nusu walipewa pia mtu wa kuwaongoza na kuwatia moyo katika mazoezi kwa miaka 3. Baada ya miaka 8, waliokuwa hai katika kundi la mazoezi walikuwa kama 90 katika kila 100. Kundi la vijitabu, kama 83. Umeona? Vijitabu wote walipata. Tofauti ilikuwa mazoezi, na mtu wa kuwa nao.

Siyo kwamba mazoezi yanachukua nafasi ya dawa, hapana. Na aulize daktari kwanza, hasa kama saratani imefika kwenye mifupa, damu imepungua, au ana homa, kizunguzungu au maumivu ya kifua.

*Kazi ya leo:*
▪️ Baada ya Alasiri, jua likipoa, mpitie. Anzeni dakika 5 au 10, mpaka msikitini na kurudi. Wewe umefunga, yeye hajafunga: mbebee maji yake.
▪️ Hawezi kutoka? Akae kwenye kiti na kusimama mara 5, apumzike, arudie.
▪️ Akisema leo sijisikii, usimlazimishe. Kaa naye. Kesho rudi.
▪️ Usimletee hadithi za fulani aliyekufa, wala dawa ya kumwachisha hospitali.
▪️ Muulize na anayemuuguza amelala saa ngapi. Peleka futari, apumue.

Yule mama tulianza naye hadi kwenye mwembe wa jirani tu. Mwisho wa mwezi tulikuwa tunafika dukani na kurudi, yeye akiongea njia nzima. Nilidhani nampa msaada; kumbe mimi ndiye niliyekuwa nachelewa.

Yaa Allah, waponye wagonjwa wetu, wape nguvu wanaowauguza, na usitujaalie kuwa majirani wa machungwa ya wiki moja. Aamin.

Mtumie mwenzako darsa hii, kisha weka simu chini uende.