Mdogo Wangu, Hizo Relingi Alipimiwa Nani?

Mdogo wangu, najua ulivyohangaika na hiyo nyumba. Tofali moja moja, vikoba, mkopo juu ya mkopo, mpaka ghorofa likasimama. Fundi akakufungia relingi za stenlesi, zinang'aa, zimelala moja juu ya nyingine kama mistari ya daftari. Ukanitumia picha. Nami nikamwona mwanao wa mwaka mmoja na nusu amesimama mbele ya mistari ile, kidole mdomoni, anaisoma. Wewe umeona urembo. Yeye kaona pa kupandia.

Usinune. Hata mimi nilikosea, tena kwa vyuma vya kusimama. Vyangu vilikuwa vinene, fundi akavipiga teke kunionyesha uimara, nikaridhika. Sikujua kwamba chuma kinaweza kuwa imara na bado nafasi yake ikawa mtego. Jioni moja nakaanga samaki, nikasikia kilio ambacho si cha njaa wala cha deko. Kupanda juu, mwanangu amekaa sakafuni, kichwa kiko upande wa pili, masikio yamegoma kurudi. Nikavuta. Kadiri nilivyovuta ndivyo alivyozidi kuvimba na kulia. Aliyetuokoa ni jirani mwenye gari: alileta jeki, akailaza kati ya vyuma viwili, akazungusha taratibu mpaka vikaachana. Samaki waliungua wote. Mpaka leo nikisikia harufu ya samaki aliyeungua, magoti yananilegea.

Basi likikukuta, usivute. Mtulize, mkalishe vizuri, paka mafuta masikioni, jaribu kukirudisha kichwa kwa jinsi kilivyoingia; ukishindwa, ita mtu. Na shukuru kwamba kilitangulia kichwa. La kuogopesha ni miguu kutangulia: nyonga za mtoto mdogo ni nyembamba kuliko kichwa chake, kiwiliwili kinapita, kichwa kinabaki, naye ananing'inia kwa shingo. Hapo hakuna jeki ya kusubiri.

Kwa hiyo leo azima rula ya mtoto wa shule, ukate kipande cha boksi chenye upana wa sentimita 10. Pitisha kila mahali. Nafasi ikizidi hapo ni kubwa mno. Hata sheria za ujenzi za Uingereza na Marekani zinaishia karibu na kipimo hicho hicho. Usisahau ile nafasi ya chini, kati ya chuma cha mwisho na sakafu, wala kona inapokutana na ukuta. Mafundi wetu huzisahau sana hizo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe, mdogo wangu, ufa wenyewe uliulipia, na fundi ukamnunulia soda.

Vyuma vya kusimama vilivyoachana ni rahisi: mwite fundi wa kuchomelea aongeze kimoja katikati ya kila viwili, asage na ncha. Hivyo vyako vya kulala vinahitaji kuzibwa upande anaochezea mtoto, kwa plastiki ngumu inayopitisha mwanga au plaiwudi iliyopigwa msasa, ifungwe kwa skrubu, asipate pa kuweka mguu. Wavu nao unafaa kama matundu ni madogo na umevutwa ukakaza. Kanga? Hapana, mpenzi. Kanga haizuii, inaficha tu, na mtoto huishika akajivutia juu, au ikamzonga shingoni. Na ngazi nayo izibe kwa mageti ya watoto: la kubana lisilo na skrubu liweke chini ya ngazi. Kule juu weka la skrubu, na lisifungukie upande wa ngazi.

Utaniambia, "Dada, binti wa kazi yupo, anamwangalia." Binti huyo huyo anayefua, anayepika, na anayepokea simu zako kila baada ya nusu saa? Siku likitokea utamlaumu yeye, naye atabeba mzigo ambao si wake. Au utasema umemchapa kidogo mtoto, sasa anaogopa. Anakuogopa wewe, chuma hakiogopi. Wanasema mtoto akililia wembe mpe, akijikata atajifunza. Huo ni wembe. Akidondoka kutoka ghorofani atajifunza lini?

Halafu kwenye ile picha, pembeni ya relingi, nimeona kapu la nguo chafu na kile kigoda cha mama mkwe. Relingi yako hata ikiwa na kimo cha sentimita 90, mtoto akisimama juu ya kigoda inamfika kifuani tu. Viondoe sasa hivi, kabla hujaniandikia kwamba umenielewa. Mama mkwe mwambie nimekutuma mimi.