Gesi Nayo Hupimwa Kama Maziwa

Mfugaji wa Yamumbi, karibu na Eldoret, ajua kwamba maziwa hupimwa kabla ya kupokelewa. Yakitiwa maji, hukataliwa. Ndivyo ilivyo pia CERN, karibu na Geneva, maabara iliyoanzishwa mwaka 1954 ili kuchunguza asili ya vitu. Humo, katika mtambo uitwao ALICE, mna chombo chenye gesi ipatayo mita 90 za ujazo. Chembe ipitapo ndani yake huacha elektroni, yaani vijichembe vya umeme, vinavyoonyesha njia yake. Oksijeni ikiingia huvinasa njiani, na alama hufifia. Kwa hiyo gesi huzungushwa, husafishwa na kupimwa daima. Maziwa yakikataliwa leo, kesho utakamua mengine. Chembe iliyopita bila kuandikwa hairudi tena.