Mawe ya Migori na Dira ya Kibla

 

Ndugu yetu mmoja wa Kendu Bay, katika jimbo la Homa Bay, ametuletea barua. Asema kuwa yeye na wenzake walikwenda upande wa Migori kupima kibla ya msikiti mdogo utakaojengwa juu ya mwamba. Mwenye dira aliiweka juu ya jiwe, sindano ikaelekea upande mmoja. Alipoinyanyua hata kifuani, ikageukia upande mwingine. Mzee mmoja akasema mahali pale pana jini. Kijana mmoja, naye ni mwalimu wa shule, akasema si jini bali ni mawe, na kwamba kwa sumaku iliyomo mawemwe wataalamu wamejua kuwa mabara hutembea. Pakazuka ugomvi. Kijana akaambiwa amekufuru, kwa kuwa ardhi imetulizwa kwa milima. Tangu siku ile, asema ndugu yetu, kijana hajaonekana msikitini.

Jambo hili limetuhuzunisha kuliko habari ya dira, nasi twaona yatupasa kulijibu kwa urefu kidogo.

Kwanza, mawe. Katika ardhi ya Migori mna miamba ya kale mno, ambayo wataalamu huiita miamba ya Nyanza. Mtaalamu Robert Shackleton aliieleza katika ripoti yake ya mwaka 1946 juu ya ukanda wa dhahabu wa Migori. Mingi katika hiyo ni lava, yaani mawe yaliyotoka chini ya ardhi hali ya kuwa yameyeyuka kwa moto, kisha yakapoa; na kati yake mna mawe yenye matabaka ya chuma. Manahodha wetu hawaachi kisu karibu na dira, nao wajua kwa nini. Basi aliyeiweka dira yake juu ya mwamba wa chuma asimsingizie jini.

Lakini kijana alisema zaidi ya hayo, na maelezo yake ni haya. Ndani ya lava mna chembe ndogo za chuma zenye sumaku. Zikiwa katika moto mkali hazina mwelekeo wowote. Jiwe lipoapo likashuka chini ya kiasi cha digrii 580, chembe hizo hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia kama ulivyo saa ile na mahali pale, zikaganda nao. Kila jiwe la namna hii ni dira iliyosimamishwa. Tena halioneshi kaskazini tu. Sindano iliyotundikwa ikaachwa huru hulala sawasawa karibu na ikweta, na kadiri uendavyo kwenye ncha za dunia huinama, hata penye ncha ya sumaku husimama wima. Lava inayopoa leo Migori, mahali palipo kama digrii moja tu kusini ya ikweta, tukichukua wastani wa maelfu ya miaka ingepaswa kuwa na sindano iliyolala. Ikikutwa imeinama sana, basi ama nchi ile ilikuwa mbali na ikweta jiwe lilipopoa, ama ushahidi wake umeharibika.

Na hapo ndipo penye kazi, na wanafunzi wetu wa hadithi watapafahamu upesi. Haipokewi riwaya mpaka achunguzwe mpokezi wake, na mpokezi mwaminifu aliyechanganyikiwa uzeeni hukubaliwa aliyoyasimulia kabla, yakaachwa ya baadaye. Jiwe nalo huchanganyikiwa. Likipashwa moto mara ya pili husahau la kwanza likashika jipya. Radi nayo huliharibu, na kila aliyekaa nyanda zile za ziwa na Kisii ajua radi ya huko ilivyo. Kwa hiyo wataalamu hulikata jiwe lingali mahali pake, wakatia alama ya jinsi lilivyolala. Kisha hulipasha moto kidogo kidogo ndani ya chumba kilichozuiwa sumaku ya nje, ili sumaku changa itoke na ya asili ibaki. Tena hutazama matabaka yaliyokunjwa. Wakiyakunjua kwa hesabu, na sindano zote zikaelekea upande mmoja, wajua kwamba sumaku ile ilitangulia mkunjo. Hii ni kazi ya wiki na miezi, na atakayeiita porojo na aende akaitazame kwanza.

Kazi hiyo imefanywa huko huko. Mwaka 1972 Brock, Raja na Vail walitoa uchunguzi wao wa sumaku ya miamba ya Kisii, jirani ya Migori. Mwaka 1994 Meert, Van der Voo na Patel walitoa wao juu ya miamba ya Nyanza, ambayo umri wake ni karibu miaka milioni 2,680. Na katika rasi ya Homa, mahali paitwapo Kanjera, udongo wenye zana za mawe za watu wa kale ulijulikana umri wake, miaka milioni 2 hivi, kwa kusaidiwa na sumaku; maana sumaku ya dunia yenyewe hugeuka mara kwa mara, kaskazini ikawa kusini, na mageuzi hayo yamebaki yameandikwa ardhini.

Wasomaji wetu wa pwani wana ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 1962 meli ya Kiingereza iitwayo Owen ilipima sumaku juu ya mgongo wa milima ulio chini ya Bahari ya Hindi, katika maji ambayo majahazi yetu yameyapita kwa karne nyingi. Ikaonekana sakafu ya bahari ina milia kama ya kikoi, mmoja wenye sumaku ya leo na mmoja wenye sumaku iliyogeuka. Mwaka uliofuata Vine na Matthews wakaeleza sababu: lava hutoka kwenye mgongo ule, hupoa, kisha husukumwa huku na huku, na bahari ikapanuka. Bara Hindi je? Lava zake za Deccan zilipopimwa katika miaka ya 1950 zilionyesha kuwa zilipoa kusini ya ikweta, nazo leo ziko kaskazini. Na Bukini, ambayo wazee wetu waliifanyia safari, ilikuwa imeungana na pwani hii yetu, ikaanza kuachana nayo yapata miaka milioni 165 iliyopita ikielekea kusini. Watu waligombana sana juu ya mahali ilipokuwa, na sumaku ya mawe ni katika hoja zilizoukata ugomvi huo.

Jiwe lina mpaka wa ushahidi wake. Hulijulisha bara umbali wake na ikweta na jinsi lilivyogeuka; halisemi peke yake lilikuwa mashariki kiasi gani wala magharibi kiasi gani.

Sasa, kufuru iko wapi? Qur'ani imeitaja milima kuwa ni vigingi, nasi twaamini. Lakini aya hiyo yawakumbusha viumbe neema ya makao yao. Haikukataza kupima mawe. Aliyemkufurisha Mwislamu kwa jambo hili amebeba mzigo mzito, na amwendee kijana yule nyumbani kwake amtake radhi. Na kijana naye tuna neno naye, kwani ndugu yetu asema alijibu kwa aya ya 88 ya Sura An-Naml, inayotaja milima kupita kama mawingu, akadai ndiyo hoja yake. Asifanye hivyo. Aya iliyo kabla yake ni ya kupulizwa parapanda, na wafasiri wengi wameifahamu kuwa ni habari ya Kiyama. Elimu ya mawe ina dalili zake, na kesho huenda ikasahihishwa; tukiifunga kwenye aya, siku itakaposahihishwa watu watasema aya ndiyo iliyokosea.

Imebaki kibla. Dira kwetu si uzushi: Al-Ashraf Umar, sultani wa Yemen aliyefariki mwaka 1296, aliandika namna ya kuitafutia kibla. Lakini juu ya mwamba ule msiitumie. Kutoka Migori, Makka iko digrii 13 hivi mashariki ya kaskazini ya kweli. Tarehe 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana kwa saa za Kenya, ambazo ni sawa na za Makka, jua huwa juu ya Al-Kaaba. Na tarehe 16 Julai huwa hivyo saa sita na dakika 27. Simamisheni mti ulionyooka kwa timazi. Saa hiyo ikifika, chora mstari juu ya kivuli chake: kuanzia ncha ya kivuli kuelekea shina la mti, huko ndiko kibla. Mkiwahi mwezi wa Mei, rudieni tena Julai kabla ya kumwaga msingi, na kijana yule ndiye ashike saa.